Kupona baada ya upasuaji wa neva zilizobanwa mkononi

Kupona baada ya upasuaji wa neva zilizobanwa mkononi ni kipindi kinachofuata operesheni ya kuondoa mbano kwenye neva za mkono, hasa neva ya kati katika kifundo cha mkono na neva ya alna katika kiwiko. Jeraha la ngozi hufunga kwa muda wa wiki mbili hivi, lakini neva yenyewe huhitaji miezi kadhaa, na pengine zaidi ya mwaka.

Tofauti hiyo huwasumbua wagonjwa wengi. Mtu huona kovu limekauka, ilhali vidole bado vina ganzi, naye hudhani kwamba upasuaji umeshindwa. Ukweli ni kwamba lengo la kwanza la upasuaji ni kuzuia neva isiendelee kuharibika. Kiasi cha hisia na nguvu kitakachorudi hutegemea zaidi hali ya neva kabla ya operesheni, muda uliopita tangu dalili zianze, umri wa mgonjwa na magonjwa mengine aliyo nayo, kama vile kisukari.

Neva zinazohusika

Neva ya kati
Neva ya kati huingia kiganjani kupitia mfereji wa kapali, njia nyembamba iliyopo upande wa mbele wa kifundo cha mkono. Sakafu na kuta za mfereji huo ni mifupa midogo ya kifundo, na paa lake ni ligamenti ngumu inayokatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ndani yake hupita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na neva hiyo. Kwa kuwa mifupa na ligamenti havitanuki, uvimbe wowote ndani ya mfereji huikandamiza neva.

Dalili zake ni ganzi na hisia ya kuchomwachomwa kama kwa sindano katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Wagonjwa wengi huamka usiku na kukung'uta mkono ili wapate nafuu. Mbano ukidumu, msuli ulio chini ya kidole gumba hunywea.

Neva ya alna
Neva ya alna hupita nyuma ya nundu ya mfupa iliyo upande wa ndani wa kiwiko. Hapo iko karibu sana na ngozi. Ndiyo sababu mtu anayejigonga kiwiko huhisi mshtuko kama wa umeme hadi kwenye kidole cha mwisho. Kila mara kiwiko kinapokunjwa, neva huvutwa na njia yake, iitwayo mfereji wa kiwiko, huwa nyembamba zaidi.

Dalili zake ni ganzi katika kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Baadaye mgonjwa hudondosha vitu, hushindwa kugeuza ufunguo au kufunga vifungo vya nguo. Misuli midogo iliyo kati ya mifupa ya kiganja hunywea, na vidole viwili vya mwisho vinaweza kujikunja kama makucha.

Mtu mmoja anaweza kuwa na matatizo yote mawili katika mkono uleule, na mara nyingine hufanyiwa upasuaji wa kifundo na wa kiwiko siku moja.

Kinachotokea ndani ya neva

Neva inafanana na kebo yenye nyuzi nyingi sana. Kila uzi huitwa aksoni, na nyuzi nyingi zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mielini, kama vile waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Mbano huharibu neva kwa hatua, na kila hatua ina muda wake wa kupona:

1. Damu kupungua. Mwanzoni mbano huzuia damu kufika vizuri kwenye neva. Dalili huja na kuondoka, hasa usiku. Katika hatua hii nafuu inaweza kuonekana usiku uleule wa upasuaji au siku chache baadaye.
2. Mielini kuharibika. Ujumbe wa neva hupita polepole au hukwama. Mielini hutengenezwa upya kwa muda wa wiki kadhaa hadi miezi 3 hivi.
3. Aksoni kufa. Sehemu ya uzi iliyo mbele ya mbano huoza, kama alivyoeleza Mwingereza Augustus Waller mwaka 1850. Aksoni mpya hulazimika kukua kutoka mahali pa mbano hadi kwenye ngozi au msuli.

Mwaka 1943 daktari Mwingereza Herbert Seddon aliyaita majeraha ya neva kwa majina yanayotumika hadi leo: nyuropraksia (neva haipitishi ujumbe lakini nyuzi zake ni nzima), aksonotmesisi (nyuzi zimekatika lakini ala inayozizunguka imebaki) na nyurotmesisi (neva nzima imekatika). Mbano wa kawaida huleta aina mbili za kwanza.

Aksoni hukua kwa wastani wa milimita 1 kwa siku. Kutoka kwenye kifundo hadi ncha za vidole ni sentimita 18 hivi, kwa hiyo safari hiyo huchukua takriban miezi 6. Kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati ni dhiraa moja, kipimo cha kale cha sentimita 45 hivi. Kidole cha mwisho ni kifupi kidogo, lakini safari ya neva ya alna bado inaweza kupita mwaka mmoja.

Msuli nao hausubiri bila kikomo. Ukikaa bila neva kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, huanza kugeuka kuwa mafuta na tishu za kovu, na hata neva ikifika hauwezi kufanya kazi kama zamani. Kwa sababu hiyo kuchelewa kutibiwa huwa na gharama kubwa zaidi kwenye kiwiko kuliko kwenye kifundo.

Upasuaji wenyewe

Katika kifundo cha mkono daktari hukata ligamenti iliyo paa la mfereji. Kazi hiyo hufanyika kupitia mchano mdogo kiganjani, au kwa kamera ndogo kupitia tundu moja au mawili. Mara nyingi mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi ya mahali tu, akiwa macho, na hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Njia ya kamera humwezesha mgonjwa kurudi kazini mapema kidogo, lakini baada ya miezi kadhaa matokeo ya njia zote mbili hulingana.

Katika kiwiko kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni kufungua mfereji na kuiacha neva mahali pake. Ya pili ni kuihamisha neva na kuipitisha mbele ya nundu ya mfupa, chini ya ngozi au chini ya msuli. Neva ikihamishwa chini ya msuli, kupona huchukua muda mrefu zaidi kwa sababu msuli wenyewe umekatwa na kushonwa.

Hatua za kupona

Siku za kwanza
Katika siku 3 za mwanzo uvimbe ndio tatizo kubwa. Mgonjwa hushauriwa kuuinua mkono juu ya usawa wa moyo, kwa mfano kuulaza juu ya mito anapolala. Vidole vinatakiwa kuanza kukunjwa na kunyooshwa siku ileile ya upasuaji, mara kadhaa kwa siku. Kwa wengi dawa za kawaida za maumivu kama parasetamoli hutosha.

Kuufunga mkono shingoni kwa kitambaa kutwa nzima hakufai, kwa kuwa bega na kiwiko hukakamaa. Baada ya upasuaji wa kawaida wa kifundo hakuna haja ya kuufunga mkono kwa gango; tafiti zimeonyesha kwamba hakuharakishi kupona. Kiwiko kilichohamishwa neva chini ya msuli hutofautiana: mara nyingi hufungwa gango kwa muda kabla ya mazoezi kuanza.

Hadi nyuzi zitolewe
Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Mpaka hapo jeraha linatakiwa kuwa kavu na safi. Wakati wa kuoga mkono hufunikwa kwa mfuko wa plastiki. Mwislamu anayetawadha anaruhusiwa na sheria ya dini kupangusa juu ya bandeji badala ya kuliosha jeraha. Kupaka majivu, mafuta, dawa ya meno au majani yaliyopondwa juu ya jeraha ni hatari, kwani huweza kuingiza vijidudu.

Wiki ya 2 hadi ya 6
Jeraha likishafunga kabisa, kovu husingwa kwa mafuta laini dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku, ili lisigandamane na tishu za chini. Kovu linaloumia likiguswa huzoeshwa polepole: kwanza kwa pamba, kisha kwa kitambaa kama kanga, halafu kwa taulo, na mwisho kwa kutumbukiza mkono katika bakuli la mchele mkavu.

Baada ya upasuaji wa kifundo, wengi huhisi maumivu pande mbili za kiganja, chini ya kidole gumba na chini ya kidole cha mwisho, hasa wanapojiinua kwa kuegemea mkono. Madaktari huyaita maumivu ya nguzo, kwa sababu hutokea pale ligamenti iliposhikamana na mifupa. Si dalili ya kushindwa. Kwa kawaida hupungua kati ya miezi 3 na 6. Nguvu ya kushika hupungua pia katika wiki za mwanzo, kisha hurudi taratibu.

Baada ya upasuaji wa kiwiko, sehemu ya ngozi karibu na kovu inaweza kuwa na ganzi au kuuma ikiguswa, kwa sababu neva ndogo za ngozi hupita katika eneo linalopasuliwa.

Miezi inayofuata
Maumivu na kuamka usiku ndiyo huisha kwanza. Ganzi ya kudumu hufuata, na nguvu ya misuli iliyonywea huja mwisho. Mara nyingine mkono uliokuwa kimya huanza kuwasha au kuchomachoma. Hiyo inaweza kuwa dalili njema. Mwaka 1915 Mfaransa Jules Tinel na Mjerumani Paul Hoffmann walieleza, kila mmoja kwa upande wake, kwamba kugonga juu ya neva inayokua huleta hisia ya kuchomwachomwa pale nyuzi mpya zilipofikia. Ikiwa sehemu hiyo inasogea kuelekea vidoleni mwezi baada ya mwezi, neva inakua.

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kifundo na kiwiko pamoja asitarajie vidole vyote kupona kwa mwendo mmoja. Kwa kawaida kidole gumba na vya jirani yake hutangulia, na kidole cha mwisho huchelewa.

Mazoezi

Mazoezi ya kawaida ya vidole huwa na mikao mitano, inayofanywa moja baada ya nyingine: vidole vyote vimenyooka; vidole vimekunjwa kama ndoana; ngumi kamili; vidole vimekunjwa kwenye shina tu kama pembe ya meza; na ngumi ambayo ncha za vidole hazijakunjwa. Lengo lake ni kuzifanya kano zisogee bila kugandamana.

Kwa kiwiko, mazoezi huanza kwa kukikunja na kukinyoosha polepole bila kubeba kitu. Zoezi linaloongeza ganzi na kuiacha idumu baada ya kumaliza linatakiwa kupunguzwa. Kufinya mpira kwa nguvu katika wiki za kwanza, kama wengi wanavyofanya kwa hamu ya kupata nguvu, huweza kuongeza uvimbe na maumivu. Mazoezi ya nguvu huanza baadaye kwa maelekezo ya daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo.

Usiku, mtu aliyepasuliwa kiwiko huweza kukizungushia taulo ili asilale amekikunja. Mchana huepuka kuegemea kiwiko mezani na kushika simu sikioni kwa muda mrefu.

Kulinda mkono wenye ganzi

Mkono usiohisi vizuri huungua au kukatika bila mwenyewe kujua. Anayepika anashauriwa kushika sufuria kwa kitambaa kinene, kupima joto la maji kwa mkono mzima, na kuutazama mkono anapotumia kisu au jiko la mkaa. Mtu anayekula ugali au wali wa moto kwa mkono aupoze kwanza. Ni vizuri kukagua vidole kila jioni kuona kama kuna lengelenge au mkwaruzo. Kuukanda mkono kwa maji ya moto ili kuondoa ganzi hakuisaidii neva, na kumewaunguza watu wenye mikono isiyohisi.

Kurudi kazini

Muda wa kurudi kazini hutegemea zaidi kazi yenyewe:

- Kazi za mezani na za mauzo: wiki 1 hadi 2 hivi.
- Kazi nyepesi za mikono, kama kushona kwa cherehani au kusuka nywele: wiki 3 hadi 4, kwa vipindi vifupi mwanzoni.
- Kazi nzito, kama kulima kwa jembe, ujenzi au kubeba mizigo: wiki 6 hadi 8, na zaidi ikiwa neva ya kiwiko imehamishwa chini ya msuli.
- Kuendesha gari au pikipiki: pale tu mtu anapoweza kushika usukani kwa nguvu na kufunga breki ghafla bila maumivu.

Kazi za nyumbani nazo ni kazi nzito. Kusonga ugali, kukuna nazi, kutwanga na hasa kukamua nguo baada ya kufua hutumia kiganja na kifundo kwa nguvu nyingi. Mama aliyepewa ruhusa ya wiki mbili kazini, kisha akaitumia kufua nguo za familia, hajaupumzisha mkono. Inafaa familia ijue jambo hilo kabla ya siku ya upasuaji, ili kazi zigawanywe mapema.

Dalili za hatari

Matatizo makubwa ni machache, lakini mgonjwa anatakiwa kurudi hospitali haraka akiona:

- homa, usaha, au wekundu unaosambaa kutoka kwenye jeraha;
- maumivu na uvimbe vinavyozidi badala ya kupungua;
- vidole kuwa baridi, vyeupe au vya bluu;
- ganzi mpya au kushindwa kusogeza kidole baada ya sindano ya ganzi kuisha nguvu;
- mkono mzima kuvimba, kung'aa, kubadilika rangi na kuuma kupita kiasi hata kwa kuguswa kidogo. Hali hii ni adimu, lakini ikitibiwa mapema hupona vizuri zaidi.

Dalili zisipoisha

Kama hakuna badiliko lolote kwa miezi kadhaa, daktari hutafuta sababu. Ligamenti inaweza kuwa haikukatwa yote, au kovu limeibana neva upya. Pengine chanzo kiko mahali pengine, kama vile neva iliyobanwa shingoni, au neva zimeharibiwa na kisukari. Vipimo vya umeme vya neva husaidia kutofautisha hali hizo, hasa vikilinganishwa na vile vya kabla ya upasuaji.

Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati inafaa kukumbuka ukoma pia. Ugonjwa huo bado hugunduliwa kila mwaka katika nchi kama Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nao hushambulia mara nyingi neva ya alna karibu na kiwiko. Neva hiyo huwa nene na huuma ikishikwa, na ngozi huweza kuwa na mabaka yasiyohisi. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji dawa mseto za ukoma, zinazotolewa bure, na mara nyingi dawa za kutuliza uvimbe wa neva. Upasuaji peke yake hautamponya.

Ikiwa msuli umekufa kabisa, bado kuna njia. Kano ya msuli mzima huweza kuhamishwa ili ifanye kazi ya msuli uliokufa. Upasuaji huo uliendelezwa sana na daktari Paul Brand huko Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940, kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma waliokuwa na vidole vilivyojikunja.

Historia

Mwaka 1854 Mwingereza James Paget alieleza habari za neva ya kati iliyobanwa baada ya mfupa kuvunjika karibu na kifundo. Upasuaji wa kuihamisha neva ya alna ulielezwa na Mmarekani Benjamin Curtis mwaka 1898. James Learmonth aliripoti upasuaji wa kukata ligamenti ya kifundo mwaka 1933. Katika miaka ya 1950 Mmarekani George Phalen aliufanya ugonjwa wa mfereji wa kapali ujulikane kwa madaktari wengi. Kipimo cha kukunja vifundo ili kuona kama ganzi itatokea kinaitwa kwa jina lake. Mwaka 1957 Mwingereza Geoffrey Osborne alieleza njia rahisi ya kufungua mfereji wa kiwiko bila kuihamisha neva. Njia ya kamera kwa ajili ya kifundo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 nchini Japani na Marekani.

Tazama pia

- Neva
- Mkono
- Kiwiko
- Kisukari
- Ukoma
- Upasuaji